Maradhi ya Samaki wa Tangi, na Kosa Langu la Mwaka wa 1984

(Haya ni mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbini shuleni. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila salamu tumezifupisha. – Mhariri)



Nilipoletewa barua ya kamati kunitaka nizungumze leo, nilidhani wamekosea jina. Wenzangu waliotangulia kusimama mahali hapa walikuwa mahakimu, madaktari na wahandisi wa bandari. Mimi nilitoka shule hii mwaka wa 1977, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimeyatumia kuwatunza samaki wa baharini ndani ya matangi ya vioo. Kazi hiyo haina joho wala wigi.

Lakini nilipoisoma barua hadi mwisho nilielewa. Mwalimu wa Biolojia alikuwa ameongeza maneno kwa mkono wake. Lile tangi la maji ya bahari tulilolichangia sisi wazee, likawekwa katika maabara, limepata msiba. Kati ya samaki tisa waliotiwa humo, sita wamekufa, na watatu waliobaki wana vidoa vyeupe mwilini kama walionyunyiziwa chumvi. Akaandika pia kwamba wanafunzi wanabishana ni nani aliyewaua, na kwamba wengi wanamtaja mwanafunzi aliyekuwa na zamu ya kuwalisha.

Nakiri kwamba hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kuja. Nitaeleza maradhi hayo ni nini na yanatibiwaje. Na katikati nitaeleza jambo nililolitenda mwaka wa 1984, ambalo sijapata kulisema mbele ya watu wengi.

Kazi yenyewe

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Katika pwani yetu ya Kenya, Shimoni, Kilifi na kwingineko, wapo wazamiaji wanaokamata samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono, mmoja mmoja, kwa uangalifu wasiumie. Samaki hao hawaliwi. Hupelekwa ng'ambo, Ulaya na Marekani, wakakae katika matangi ya majumbani. Kati ya mzamiaji na ndege pana nyumba ya matangi. Humo samaki hupumzishwa, hulishwa na kuangaliwa afya, kisha hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na hupangwa ndani ya maboksi.

Nyumba iliyoniajiri mwaka wa 1980 ilikuwa kaskazini ya Mombasa. Ilikuwa na matangi arobaini, na yote yalitumia maji yale yale. Pampu ikiyapandisha maji, yakipita katika kila tangi, yakirudi chini kwenye chujio la mchanga, kisha yakipanda tena. Yashikeni maneno hayo, maji yale yale. Tutayarudia.

Baada ya miaka mitatu nilifanywa mkuu wa matangi. Chini yangu walikuwako vijana wanne, na mdogo wao alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo, kubeba maji na kuwaokota waliokufa. Jina lake nitalihifadhi. Baba yake mdogo alikuwa mmoja wa wazamiaji wetu bora, naye ndiye aliyemwombea kazi.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1984, kusi ilipokwisha na bahari ikatulia, tulipata oda kubwa ya kangaja wa samawati. Wavuvi wanamjua samaki huyu: mwili wa samawati, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Jina lake la kitaalamu ni Acanthurus leucosternon. Ni mzuri sana wa kutazama, na ni mwepesi sana wa kuugua. Wazamiaji walihangaika kwa wiki mbili na zaidi, na baba mdogo wa yule kijana ndiye aliyeleta wengi kuliko wote. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mzamiaji hulipwa kwa samaki aliyefika ndegeni akiwa hai. Akifia tangini, hasara ni ya mzamiaji.

Siku moja asubuhi nikaona vidoa vyeupe juu ya mapezi ya kangaja mmoja, na jioni juu ya watano. Sikubabaika. Nilijua kwamba dawa ni mrututu, ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa wanaujua. Nikachota kwa kijiko, nikakadiria kwa macho, nikautia katika maji. Siku ya nne vidoa vyote vilikuwa vimetoweka. Samaki walikuwa safi, wanakula. Nikaacha dawa, kwa sababu mrututu huwatesa samaki nao, na nikaenda kwa tajiri kumweleza kwamba nimewaponya. Tajiri alifurahi, na mimi nilitembea kifua mbele.

Wiki moja baadaye vidoa vikarudi. Mara hii havikuwa juu ya samaki watano. Vilikuwa juu ya kangaja, juu ya vitatange, juu ya kila samaki katika kila tangi. Walikuwa wanahema mbiombio, wamejibana pale maji yanapoingia, na wengine wanajisugua kwenye mawe. Niliongeza mrututu, tena kwa kijiko, na nadhani wengine niliwaua mimi kwa dawa hiyo. Katika muda wa siku tatu tulipoteza samaki mia nne na zaidi. Kila alfajiri tulikuta wamelala chini.

Waliopona walikuwa saba tu. Siku ile ya vidoa vya kwanza tangi moja lilipata ufa, na kangaja saba waliokuwamo hawakuwa na mahali pa kuwekwa. Yule kijana aliwatia katika pipa la plastiki lenye maji ya bahari. Pipa halikuwa na chujio, kwa hiyo maji yalianza kunuka upesi. Basi yeye, kwa akili yake, akatafuta pipa la pili. Kila siku ya tatu aliwahamishia samaki katika pipa safi lenye maji mapya, na lile la kwanza akalisugua kwa maji ya kisima na kulipindua juani likauke. Alifanya hivyo mara nne au tano. Samaki wale nao walikuwa na vidoa mwanzoni, vikapungua, vikaisha, visirudi.

Alinifuata akaniambia, "Kaka, hawa wa pipani mbona wapona, nao hawakutiwa dawa?"

Nilimjibu, "Wewe kazi yako kuosha."

Tajiri alipokuja kuona hasara aliuliza swali moja: nani? Watu wote walinitazama mimi. Nikasema kwamba kijana huyu anatumia wavu mmoja kwa matangi yote, na ndiye aliyeyasambaza maradhi. Lilikuwa kweli kwamba anatumia wavu mmoja. Lakini nimekwisha waambia kuwa matangi yote arobaini yalikuwa na maji yale yale. Wavu ungeweza kueneza nini ambacho maji hayajakieneza? Mimi niliyefungua na kufunga mabomba yale kila siku nilikuwa wa kwanza kupaswa kulijua hilo. Sikutaka kulijua. Kijana alifukuzwa kabla ya adhuhuri, na mshahara wake wa nusu mwezi ukazuiliwa.

Nilichokisoma miaka saba baadaye

Mwaka wa 1991 nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya miezi mitatu juu ya ufugaji wa viumbe wa baharini. Jioni moja katika maktaba nilifungua kitabu cha maradhi ya samaki, nikakuta mchoro wa duara wenye mishale. Nilikaa nao mpaka taa zikazimwa.

Maradhi ya vidoa vyeupe ya samaki wa baharini huletwa na kimelea chenye chembe moja tu ya uhai, kiitwacho Cryptocaryon irritans. Mtaalamu wa Kijapani, Sikama, aliyaeleza maradhi hayo mwaka wa 1937, na E. M. Brown alikipa kimelea jina lake mbele ya Chama cha Zoolojia cha London mwaka wa 1951. Maisha yake yana hatua nne, nanyi wanafunzi naomba mzihesabu vidoleni.

Hatua ya kwanza kimo ndani ya samaki, chini ya ngozi ya juu na katika matamvua. Hapo hula na kunenepa kwa siku tatu hadi saba. Kidoa unachokiona ndicho hicho, ukubwa wake kama chembe ya chumvi. Hatua ya pili, kikishashiba, humwacha samaki kwa hiari yake, aghalabu usiku, na kutambaa chini kwa saa kadhaa. Hatua ya tatu hujishikiza juu ya jiwe, mchanga au kioo, na kujijengea kifuko kigumu. Ndani ya kifuko hujigawa na kujigawa tena, hata mmoja akawa mia mbili au zaidi. Hatua ya nne, kifuko hupasuka na watoto hao hutoka gizani, kabla ya mapambazuko, wakiogelea kumtafuta samaki. Wasipompata katika siku moja au mbili hufa.

Vifuko havipasuki pamoja. Vingi hupasuka kati ya siku 3 na siku 28, na vipo vilivyoonekana kupasuka baada ya siku 72.

Sasa rudini kwenye tangi langu. Siku ya nne, vidoa vilipotoweka, mimi nilisema wamepona. Kumbe vimelea vilikuwa vimeshiba tu, vikashuka chini kuzaa. Vingeshuka hata kama nisingetia kijiko kimoja cha dawa. Mrututu hauviui vikiwa ndani ya ngozi, wala hauviui vikiwa ndani ya kifuko. Huwaua wale watoto wanaoogelea tu, na siku walipotoka kuogelea mimi nilikuwa nimekwisha iondoa dawa na kujipongeza.

Tena rudini kwenye pipa la yule kijana. Kila siku ya tatu aliwahamisha samaki, na vimelea vilivyoshuka vikabaki nyuma katika pipa la zamani, vikasuguliwa na kuanikwa juani kabla ya vifuko kupasuka. Baada ya kuwahamisha mara nne, samaki hawakuwa na kimelea cha kushusha tena. Njia hiyo hiyo, siku tatu tatu, mara nne, imeelezwa na mtaalamu Angelo Colorni, aliyefanya utafiti wake Eilat kwenye Bahari ya Shamu, katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 1987. Kijana wetu aliifanya mwaka wa 1984, kwa mapipa mawili. Aliniletea jibu mkononi nami nikamwambia akaoshe vioo.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba duara lile halikuwa geni kwangu. Katika jengo lile pale ng'ambo ya uwanja, mwalimu wetu wa Biolojia alituchoresha duara la malaria: mbu, damu, ini, damu, mbu. Nilipata alama tisa katika kumi. Alituchoresha na la kichocho, na konokono wake. Nililijua neno la kujibu mtihani, kwamba ukitaka kuyashinda maradhi ya vimelea ukate duara pale lilipo jembamba. Sikupata kufikiri kwamba neno hilo linahusu kitu chochote nje ya karatasi ya mtihani. Na wataalamu wa leo wanakiweka kimelea cha malaria na hiki cha vidoa vyeupe katika kundi moja kubwa, Alveolata. Walikuwa ni jamaa, nami nikawatenga.

Huenda kijana mmoja akauliza, mbona samaki wa mwambani hawafi wote? Kimelea hiki kipo hata baharini. Lakini huko kinaposhuka, samaki mwenyeji wake amekwisha ondoka, na watoto wanapotoka hutawanyika katika maji yasiyo na mwisho. Wachache sana humpata mtu wao. Ndani ya tangi samaki hulala pale pale juu ya vifuko, na kila mtoto anayetoka humkuta mlangoni.

Juu ya dawa

Nitasema kwa ufupi juu ya dawa, kwa ajili ya wale wenye matangi nyumbani.

Mrututu ni dawa kweli, ila sharti upimwe. Shaba inayotakiwa katika maji ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita moja. Ikipungua haiui kimelea, ikizidi huua samaki. Mawe ya matumbawe na mchanga huinyonya shaba, kwa hiyo hupimwa kila siku, na tiba hufanywa katika tangi tupu lisilo na mchanga. Muda wake ni wiki tatu au zaidi bila kukatiza, hata kama samaki anaonekana mzima tangu siku ya nne. Wala usiutie kabisa mahali penye matumbawe, kamba au konokono, maana utawaua. Papa na taa nao hawaistahimili shaba.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yetu yana chumvi sehemu 35 hivi katika 1000. Ikishushwa polepole kwa siku mbili tatu hadi 15 hivi, ikakaa hapo wiki tatu au nne, samaki wengi huvumilia, na vifuko huharibika. Hata hivyo zipo aina za kimelea hiki zilizoonekana kuizoea chumvi hafifu, kwa hiyo usikabidhi imani yote hapo. Njia ya tatu ni ile ya mapipa mawili.

Msichanganye vidoa vyeupe na maradhi mengine mawili. Moja huonekana kama vumbi laini la dhahabu juu ya ngozi. Kimelea chake ni Amyloodinium ocellatum, ambacho Brown huyo huyo alikieleza mwaka wa 1931. Hushambulia matamvua kwanza na huua upesi mno, pengine kabla hujaona vumbi lolote. Kupunguza chumvi hakumsaidii mgonjwa huyu, bali shaba humsaidia, na dawa nyingine ni klorokwini. Naam, klorokwini ile chungu tuliyomeza wote hapa, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998.

La pili ni minyoo bapa, ambayo huishi juu ya ngozi, machoni na katika matamvua. Mnyoo huu ni ndugu wa mbali wa mnyoo wa kichocho. Ukimtia samaki katika maji matamu kwa dakika tano, yenye joto lile lile la tangi, utaona minyoo imegeuka myeupe inaanguka. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho. Mayai hayafi kwa dawa hiyo, kwa hiyo tiba hurudiwa yakisha anguliwa.

Ili kujua ni yupi kati ya hao, msikisie. Hadubini mnazo. Kwangua ute kidogo kwa kipande cha kioo, utie tone la maji ya bahari, utazame. Kile cha vidoa vyeupe ni duara la kijivu lenye vinyweleo pembeni, linazunguka polepole kama tiara iliyochoka.

Nilivyomtafuta

Baada ya kusoma mchoro ule nilimtafuta yule kijana. Haikuwa rahisi, maana alikuwa amehama. Nilimpata mwaka wa 1993 katika bandari ndogo ya wavuvi, anashona nyavu. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Alinijua mara moja, akanikaribisha kwa heshima, akaniita Kaka kama zamani.

Nilimweleza yote, nikamchorea duara lile mchangani kwa kijiti. Alilitazama sana. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Basi kumbe yalikuwa yaanguka chini. Nami nilidhani ni ule usafi."

Nilitoa bahasha yenye mshahara ule wa nusu mwezi na ziada. Aliipokea, akaiweka chini ya nyavu bila ya kuifungua. Akaniambia kwamba fedha alikwisha zisahau zamani. Ambalo hakulisahau ni baba yake mdogo. Mzee yule alikuwa amepoteza kazi ya wiki mbili na zaidi kwa vifo vile, akaambiwa kwamba aliyemwulia samaki wake ni mtoto wa kaka yake, aliyemwombea kazi yeye mwenyewe. Hakumpiga wala hakumtukana. Ila hakumchukua tena baharini. Kijana alikuwa anatumaini kufundishwa uzamiaji, na hakufundishwa.

Nilimwomba tuondoke pale pale twende kwa mzee, nikaseme mbele yake. Akanijibu, "Baba mdogo alikwisha kufa, Kaka. Mwaka wa themanini na tisa."

Sina la kuongeza hapo. Tumebaki marafiki, na mwanawe wa kwanza nilimfundisha kazi ya matangi. Lakini mzee yule alikwenda kaburini akiamini neno langu.

Tangi la shule

Sasa nirudi maabara. Nimeingia leo asubuhi pamoja na Mwalimu na wanafunzi wanne, tukatazama kwa hadubini. Ni Cryptocaryon, hakuna shaka.

Mwanafunzi wa zamu hakuwaua samaki. Kulisha hakuleti kimelea. Nimeuliza samaki waliletwa lini, nikaambiwa waliletwa siku ile ile ya sherehe, wote tisa kwa pamoja, wakatoka ndooni kwa mvuvi wakaingia tangini, ili wageni wapigwe picha mbele yao. Mabwana, wageni hao ni sisi. Samaki mpya anapaswa kukaa karantini peke yake siku 30 kwa uchache, na hakuna mtu aliyelisema hilo. Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi, nikatuma mchango wangu, wala sikuuliza kitu. Kwa hiyo kama jina linatakiwa bwenini, tajeni la kwangu, na kijana yule apumzike.

Nimekubaliana na Mwalimu mambo manne.

Kwanza, samaki watatu waliobaki watatolewa leo na kuingia katika mapipa. Bahari iko karibu. Maji yatachujwa kwa kitambaa na kukaa siku chache katika pipa lililofunikwa kabla ya kutumiwa. Watahamishwa kila siku ya tatu, mara nne, na pipa lililoachwa litasuguliwa kwa maji matamu na kukaushwa juani. Ndani ya pipa tieni vipande vya bomba la plastiki wapate kujificha, na pampu ya hewa. Msitie mawe wala mchanga.

Pili, tangi kubwa litabaki bila samaki kwa wiki 11. Konokono na mawe yabaki, na pampu iendelee kufanya kazi. Wiki 11 ni karibu muhula mzima. Wageni watauliza kwa nini tangi la shule halina samaki. Wanafunzi wa kidato cha tatu watachora duara lile kwa ukubwa na kulibandika juu ya kioo, na atakayeuliza ataelezwa.

Tatu, nyavu na ndoo za mapipa zisiguse tangi kubwa. Wavu si kitu cha kupuuza, ingawa mwaka wa 1984 niliusingizia.

Nne, kutakuwa na daftari. Kila siku aliye na zamu ataandika tarehe, joto la maji, chumvi, nani amekula na nani hakula, na chochote alichokiona, hata kama anadhani ni upuuzi. Mwalimu atalisoma kila Ijumaa. Nimemwomba sana juu ya neno hilo la chochote, kwa sababu mwenye kuosha vioo ndiye anayekaa na samaki kuliko mkuu wa matangi.

Daftari la kwanza nimelinunua mimi, na ukurasa wa kwanza nimemwomba aanze kuujaza yule mwanafunzi wa zamu. Ameniambia kwamba tayari ana jambo la kuandika. Anasema katika wale watatu, mmoja hulala juu ya bomba la maji, mbali na mchanga, na ndiye mwenye vidoa vichache kuliko wenzake. Nimemwambia aliandike vivyo hivyo alivyoliona, kisha tulifuatilie pamoja, maana huenda likawa na maana na huenda lisiwe nayo.

Mwakani mkinialika nitakuja kulisoma daftari hilo kabla sijala chakula cha wazee.